Sakafu ya Uwanja wa Lutende

Lori la polisi lililokuja kumchukua Mutumba lilikuwa limeshageuzwa, pua yake ikielekea Mongu, na dereva amejilaza kivulini akingoja neno la kuondoka. Inspekta Nosiku Lubinda alilipita kama hakuliona. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye banda la abiria la uwanja wa ndege wa Lutende, akapiga magoti kando ya shimo, akaanza kugonga saruji kwa mpini wa kisu.

"Afande, mifupa tuliitoa jana," alisema Sajini Hamoonga. "Sasa unambishia nani hodi?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Aliyemwaga sakafu hii. Chuchumaa, mtani. Hiyo suruali ina mwenyewe wa kuifua."

Hamoonga alichuchumaa huku akinung'unika. Alikuwa Mtonga wa Monze, mrefu kama nguzo ya simu, na tangu ahamishiwe Mongu hapakupita siku ambayo Nosiku hakumkumbusha kwamba Watonga na Walozi ni watani na kwamba yeye ndiye aliye ugenini. Naye hakuwa mtu wa kukaa kimya. Kila alipoona kundi la ng'ombe bondeni alisimama na kuuliza kama hao ndio wale ambao mababu wa Nosiku waliwaiba kwao.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jana asubuhi vibarua wa wizara walikuja kubomoa banda lile. Serikali iliamua kuufungua tena uwanja wa Lutende, uliofungwa tangu zilipokoma ndege za kuwachukua vijana kwenda kwenye migodi ya dhahabu ya Joni, mbali huko kusini, na wizara ilitaka kujenga ofisi mpya. Sululu haikupigwa mara nyingi kabla ya kuibua mfupa wa paja. Karibu na mfupa palikuwa na mkanda ulioliwa na mchwa, umebaki kifungio chake tu, kipande cha bati la ndege kilichofuliwa kwa mkono. Lutende nzima ilikijua. Palikuwa na mtu mmoja tu aliyejifulia kifungio cha mkanda kwa bati la ndege, akawa anatembea shati limechomekwa ili kionekane. Huyo ni Kufekisa Mulako, mume wa Mutumba, aliyesemekana kupanda ndege ya mwisho, akapotelea Joni, akasahau kwao.

Mutumba peke yake ndiye aliyekataa. Kwa zaidi ya miaka kumi alisema kisimani, alisema kanisani, alisema mbele ya baraza: "Mume wangu hakupanda ndege." Watu walimcheka mpaka wakachoka, na watoto wakambandika jina la Mama Ndege. Ndipo jana, mifupa ikiwa bado juani, Induna Imasiku, mkuu wa Lutende, aliposimama na kuuliza swali moja tu: "Alijuaje kwamba hakupanda?" Kicheko cha miaka yote kikakatika, watu wakaanza kuokota mawe. Hamoonga alilazimika kupiga risasi hewani ndipo mwanamke yule akafikishwa kwenye stoo ya shule akiwa mzima.

"Lile swali la Induna ni zuri, Afande," alisema Hamoonga.

"Zuri mno. Mtu aliyekutana na mifupa ghafla hapati nafasi ya kutunga swali zuri namna ile." Nosiku aligonga tena. "Tazama. Huku kote sakafu ina kokoto na imelainishwa kwa mwiko. Hapa pembeni, juu ya kaburi, ni mchanga mtupu, na imesawazishwa kwa kipande cha ubao. Unaona mikwaruzo?"

"Palibomoka, pakazibwa."

"Palizibwa lini?"

"Kabla ya uwanja kufungwa, nadhani."

"Wakati ule kila jioni palikuwa na mlinzi, fundi na rundo la vijana wanaongoja ndege. Ungemzika mtu hapa wakamkalia bila kuuliza?" Nosiku alisimama, akajikung'uta magoti. "Palizibwa baada ya uwanja kufungwa. Na mimi nataka kumjua mtu anayetengeneza sakafu ya kituo ambacho hakina tena abiria."

Redio ya lori ilikoroma. Ilikuwa sauti ya mkubwa wao kutoka Mongu, akiuliza kwa mara nyingine mtuhumiwa yuko wapi. Hamoonga alimtazama Nosiku.

"Mwambie tunatafuta kamba ya kufungia turubai."

"Lori halina turubai."

"Ndiyo maana tutachelewa."

* * *

Muimui, aliyekuwa mlinzi wa uwanja, aliishi palepale mwisho wa njia ya ndege, karibu na mlingoti uliobaki bila mfuko wake wa upepo. Walipofika alikuwa amekaa mlangoni akila uji wa mtama na maziwa ya mgando. Alipoona sare za polisi, kijiko kilimponyoka.

Hamoonga aliinua macho, akacheka peke yake. Bati za nyumba zilikuwa na maandishi makubwa meupe, yaliyopinduliwa juu chini na kupangwa ovyo. Herufi E ilikuwa juu ya mlango, L karibu na jiko. Lilikuwa lile jina la uwanja, lililochorwa zamani juu ya paa la ofisi ili marubani walisome kutoka angani.

"Mzee, nyumba yako inasomeka," alisema Hamoonga. "Ukiulizwa ulizipata wapi bati hizi utasema zilidondoka kutoka kwenye ndege?"

Muimui alianza kutetemeka. "Zilikuwa zinaota kutu bure, mwanangu. Niliomba ruhusa."

"Kwa nani?"

"Kwa... Hapakuwa na mtu wa kumwomba."

Hamoonga alimvuta Nosiku pembeni. "Huyu ndiye. Alikuwa na funguo, alikuwa na sepetu, anaiba na anatetemeka. Kufekisa alimkuta anang'oa bati, akamtwanga."

"Matundu ya zamani ya bati hizo yameota kutu, lakini misumari ya sasa bado inang'aa. Zilikaa kwenye ofisi miaka mingi kabla ya kung'olewa. Aliziiba juzijuzi, maskini, na tangu tufike anangoja tumuulize habari za hizo bati." Alirudi, akajikalia kwenye kinu kilicholazwa. "Mzee, mimi sikuja kuezua nyumba. Nataka habari za ndege ya mwisho."

Mzee aliokota kijiko chake. Rangi ilimrudia, na ulimi nao.

"Eh, ndege ya mwisho! Iliondoka wiki ya Pasaka. Vijana walipimwa kwenye mizani na vifurushi vyao, mmoja mmoja, mizani ikikataa kifurushi kinaachwa. Mama zao wanalia. Halafu lile vumbi! Ndege ilipowasha, sikuona hata mkono wangu. Ukiniuliza nani alipanda na nani alibaki, nitakudanganya."

"Kufekisa ulimwona?"

"Kabla ya vumbi nilimwona. Alikuwa anabishana na Induna. Wakati ule hakuwa Induna bado, alikuwa Imasiku tu, anazungukazunguka wazungu wa migodi."

"Wanabishana nini?"

"Sijui, niliitwa. Vumbi halijatua nikapandishwa lori la wazungu kupeleka funguo na redio Mongu. Nilikaa huko mwezi mzima na zaidi nikidai kazi nyingine. Kurudi, nikakuta pembe ya banda imetiwa saruji. Nikamuuliza Imasiku, akasema ng'ombe walipanda huku juu wakaivunja sakafu."

"Ng'ombe wa nani?"

"Hapo ndipo na mimi nilipojikuna kichwa. Mwaka ule ng'ombe hawakupanda huku kabisa. Walibaki bondeni msimu mzima."

Nosiku alitabasamu, tabasamu la mtu aliyeonja mboga akakuta chumvi imekaa sawa. Hamoonga hakuona la kutabasamia.

"Na ardhi hii ya uwanja, kabla ya ndege, ilikuwa ya nani?" aliuliza Nosiku.

"Shamba la mzee Mulako, baba yake Kufekisa. Aliombwa akaiazimisha, mpaka ndege zikome. Ndivyo alivyosema, nilikuwapo nikishika kamba ya kupimia. Ndege zikikoma, ardhi irudi kwa watoto wake."

"Mbona jana hukusema haya mbele ya watu?"

"Wazee waliojua wamekufa, mwanangu. Na mimi naishi chini ya bati za wizi. Nikamjibu Induna nini?"

* * *

Stoo ya shule ilinuka chaki na panya. Mutumba alikuwa amekaa juu ya gunia, miguu ameinyoosha, kana kwamba ni yeye aliyewaita polisi na wamechelewa.

"Umekula, mama?" aliuliza Nosiku.

"Wameleta samaki mkavu bila maji ya kunywa. Wanataka nife kabla hamjaninyonga."

Nosiku alimpa chupa yake ya maji. Alingoja anywe, kisha akakaa sakafuni mbele yake.

"Sitakuficha. Ukipanda lile lori leo, Mongu wataandika kuua kwa kukusudia. Kutoka hapo ni vigumu kurudi. Kwa hiyo nijibu lile lile walilokuuliza jana. Ulijuaje?"

"Niliwaambia mara ngapi? Hakuna aliyewahi kuuliza, walikuwa wanacheka tu." Mutumba alijifuta mdomo. "Nilikuwa kwa mama yangu nimejifungua. Niliporudi na mtoto, Imasiku akanipokea njiani: mumeo amepanda ndege ya mwisho. Nikaingia ndani. Blanketi lake la migodini liko ukutani. Viatu vyake vya migodini viko chini ya kitanda. Koti lake jeusi halipo."

"Koti gani?"

"La kuta, ndilo baraza letu. La kuendea barazani. Alikuwa nalo moja, hata kanisani hakulivaa, anasema Mungu hamhukumu mtu kwa koti. Sasa wewe niambie, mwanangu. Nani anakwenda kuchimba mwamba na koti la barazani, anaacha viatu?"

"Hakuna."

"Basi. Na mtoto wake alikuwa hajamwona. Kufekisa asingeondoka hajamwona mtoto. Lakini hilo ukiwaambia polisi wanasema ni maneno ya mke."

"Blanketi na viatu havitoshi kumshinda Induna mahakamani," alisema Nosiku. "Sitwala mwenye duka ana ushahidi kwamba alikuwa na mumeo Joni."

Mutumba alitema mate pembeni. "Sitwala ni mdogo wake Imasiku. Angesema nini?" Kisha sauti yake ikashuka. "Wanawake nao wananyongwa?"

"Wananyongwa."

"Basi nenda kafanye kazi yako. Mimi yangu nimeifanya miaka yote hii peke yangu, na nimechoka."

* * *

Sitwala alikuwa na duka kubwa kuliko yote Lutende, na tumbo la kulilingana. Aliwakaribisha kwa chai na mkate uliopakwa siagi hadi pembeni. Alionekana mtu mwema, na huenda alikuwa hivyo. Hakuwa na haraka, wala hakuyakwepa macho ya Nosiku.

"Mimi nilitangulia," alisema. "Nilipanda ndege kabla ya Krismasi. Kufekisa akaja na ile ya mwisho, ya Pasaka. Tulikaa kambi moja karibu mwaka mzima. Halafu akaniambia amesikia mkewe ana mwanaume, anarudi kimyakimya kuwafumania. Nikamsindikiza stesheni. Sikumwona tena. Niliporudi huku sikutaka kumuumiza Mutumba, nikasema tu bado yuko Joni. Kumbe mwenzetu alifika, wakammaliza."

Maelezo yalikaa vizuri. Yaliieleza ndege, yaliieleza mifupa, na yaliuelekeza mkono wote kwa mwanamke aliye kwenye stoo. Hamoonga aliandika akiwa amekunja uso.

"Bwana Sitwala, watu wa Mongu ni wabishi," alisema Nosiku kwa upole. "Watasema labda ulimfananisha. Kuna lolote alilokwambia siku aliyofika, la nyumbani, ambalo mtu mwingine asingelijua?"

Sitwala aliweka kikombe chini. Macho yalimlegea kwa kumbukumbu, au kwa kitu kilichovaa nguo za kumbukumbu.

"Alifika na matope ya kwetu kwenye soli. Tukakaa kitandani, nikamwambia nipe habari za bondeni. Akasema maji mwaka huu yamejaa mpaka milangoni. Akasema ngoma za Litunga, mfalme wetu, zimelia usiku kucha, Kuomboka, ile safari yake ya kuyahama maji, imefana, watu wote wameshahamia huku juu. Yeye mwenyewe alitoka kijijini kwa mtumbwi, akaufunga pale chini ya uwanja, akapanda mteremko akaingia kwenye ndege na miguu imelowa. Nililia, Inspekta. Mtu akiwa chini ya ardhi kule, akisikia habari za maji ya kwao, analia."

"Hata mimi ningelia," alisema Nosiku. "Ngoma zililia usiku kucha?"

"Usiku kucha."

"Na mtumbwi aliufunga chini ya uwanja?"

"Palepale kwenye ule mteremko."

"Andika hivyohivyo, Sajini. Usimpunguzie hata neno." Alimalizia mkate wake, akashukuru, akamwomba mwenye duka afuatane nao barazani, ni utaratibu tu.

Sitwala alipoingia ndani kuvaa viatu, Hamoonga alifunga daftari kwa hasira.

"Kwisha habari yetu. Shahidi amenyooka kama rula."

"Mtani, nyinyi Watonga mwaka mnauhesabu kwa nini?"

"Kwa kalenda. Tunapewa bure tukinunua mbolea."

"Sisi tunauhesabu kwa maji yanayojaa bondeni. Mwambie Mlozi atunge uongo wa wiki ya Pasaka, ataweka maji tu, hata kama amefumba macho. Hawezi kuiona Pasaka kavu kichwani mwake." Nosiku alicheka, na kicheko chake kilisikika hadi barabarani. "Watu wengine wakitaka uongo ukolee, hutia chumvi. Huyu ametia maji."

"Na kosa liko wapi?"

"Mwaka ule maji hayakuja. Nilikuwa msichana wa shule Mongu. Tulishonewa nguo mpya, tukakaa tunangoja ngoma, hazikulia. Litunga hakuhama. Watu walivuka bonde zima kwa miguu, mchanga mtupu. Ndiyo maana, kama alivyosema Muimui, ng'ombe hawakupanda huku juu, wapande kukimbia nini? Mlozi yeyote aliyekuwapo hawezi kuusahau mwaka ule hata akizeeka."

Hamoonga alifungua tena daftari, akasoma ukurasa wake mwenyewe polepole. "Lakini Sitwala hakuwapo."

"Alikuwa chini ya ardhi, kule migodini. Na aliporudi, nani angemsimulia ukame uliokwisha? Kufekisa asingesahau kumwambia. Kama angefika."

* * *

Baraza lilikuwa limejaa. Wazee walikaa kwenye mikeka, vijana walisimama nje wakichungulia juu ya ukuta wa matete, na afisa wa wizara alikaa kwenye stuli ya kuazima na ramani yake ya uwanja magotini. Induna Imasiku alikuwa kwenye kiti chake, mkia wa nyumbu mkononi. Nosiku alipiga magoti, akampigia makofi kama inavyompasa Induna, na hakuharakisha.

"Inuka, binti yangu," alisema Imasiku. "Huyo mwanamke mnaondoka naye lini? Watu wanataka kulala kwa amani."

"Bado jambo dogo la kukamilisha. Mimi nilikuwa mtoto, sikumbuki vizuri. Mwaka wa ndege ya mwisho, hali hapa ilikuwaje?"

"Mwaka ule?" Induna aliwageukia wazee, nao wakaguna kwa pamoja. "Mwaka ule usirudi tena. Tulichimba mchanga mtoni tukitafuta maji ya ng'ombe. Mimi ndiye niliyekwenda Mongu kuomba mahindi, mimi ndiye niliyeyagawa. Waulize hawa. Ndipo waliposema Imasiku anafaa kuwa Induna."

"Kweli," alisema mzee mmoja.

"Kuomboka?"

"Kuomboka ya nini, na maji hakuna?"

"Na mitumbwi?"

"Ilipasuka juani. Mingine tulipikia."

"Ahsante, Induna. Sajini, soma."

Hamoonga alisoma. Alisoma kama alivyoambiwa, neno kwa neno: maji milangoni, ngoma usiku kucha, watu wameshahama, mtumbwi chini ya uwanja, miguu imelowa. Alipofika kwenye mtumbwi, kijana mmoja nje aliuliza kwa sauti kama Kufekisa aliuburuta, na watu wakacheka. Kisha kicheko kikazimika chenyewe, maana wazee hawakuwa wakicheka.

Imasiku alikuwa ameacha kutikisa mkia wa nyumbu. "Ndugu yangu amechanganya miaka," alisema. "Ni mtu mzima sasa. Anasahau."

"Inawezekana," alisema Nosiku. "Bwana Sitwala, umechanganya miaka?"

Sitwala hakumtazama yeye. Alimtazama kaka yake, mdomo wazi, jasho likimchuruzika hadi kwenye kola. Aliyosema hakukusudia kuyasema mbele ya watu.

"Kaka, mbona hukuniambia maji hayakuja?"

Baraza zima lilisikia. Imasiku alifumba macho.

"Alipaswa kukuambia saa ngapi?" aliuliza Nosiku. "Habari hizi si ulipewa na Kufekisa?"

"Uliniambia ametoroka na mke wa mtu kwenda Angola!" Sitwala alikuwa amesimama sasa, akimwelekezea kaka yake kidole. "Uliniandikia niseme tuko naye, nifiche aibu ya kijiji. Nikasema. Jana wakaja kuchimba, ukaniita, ukaniambia niongeze kwamba alirudi. Hukuniambia ulimweka chini ya saruji! Kaka, nimekula na mtoto wa yule mtu dukani kwangu!"

"Kaa chini."

"Sikai!"

"Kufekisa alikuja uwanjani siku ile amevaa koti la baraza," alisema Nosiku. Hakupandisha sauti, na watu walinyamaza ili wamsikie. "Hakuja kupanda ndege. Alikuja kusema mbele ya watu kwamba ndege zimekoma, na ardhi aliyoazimisha baba yake irudi. Wewe ulikuwa umeshajiandaa kuichukua. Watu walipotawanyika na vumbi, mlibaki wawili."

"Ardhi ni ya Litunga," alisema Imasiku.

"Sikuuliza ardhi ni ya nani. Mlibaki wawili?"

Induna aliulaza mkia wa nyumbu magotini. Afisa wa wizara alikuwa ameanza kuikunja ramani yake bila kuitazama.

"Alinitukana," alisema Imasiku hatimaye. "Aliniita kibaraka wa wazungu, mbele ya wazungu wenyewe. Nilimsukuma tu. Chuma cha ile mizani ndicho kilichompata kisogoni."

"Na saruji nayo ilijisukuma?"

Nosiku alichukua pingu kutoka kwa Hamoonga, akaenda hadi kwenye kiti. Wazee wawili waliinuka nusu, kisha wakakaa.

"Unanifunga mimi, msichana wa bondeni," alisema Imasiku, "hata kupiga magoti hupigi?"

"Nilishapiga. Yale yalikuwa ya Induna. Nipe mikono."

* * *

Nosiku mwenyewe ndiye aliyekwenda kufungua stoo. Mutumba alitoka akipepesa macho kwa mwanga, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alipomaliza, mwanamke yule aliuliza kitu kimoja tu, kama mumewe aliumia muda mrefu. Nosiku akamwambia hapana, alikufa papo hapo. Hakuwa na hakika, lakini alilisema kwa uso mkavu na hakujutia.

Walitembea pamoja hadi uwanjani. Mifupa ilikuwa imelazwa kwenye turubai la vibarua, na afisa wa wizara alikuwa pale, kofia mkononi.

"Mama, nimeambiwa ardhi hii ni ya kwenu," alisema. "Kazi yetu hapa... Nashindwa hata kuuliza. Tuendelee, au tuache?"

"Una haraka ya kuruka?"

"Hapana, mama."

"Basi rudi kwenu. Utakuja nikimaliza matanga, tuzungumze kama watu. Safari hii tutaulizana kwanza nani anaazimisha na nani anaazima."

Ndipo wanawake wa Lutende walipotokea kwenye mteremko. Walikuja kwa kundi, wamejifunga vitenge kichwani, hatua zao fupi, hakuna aliyetaka kutangulia. Mbele alikuwa Nasilele, ambaye ndiye aliyetunga lile jina la Mama Ndege na kuwafundisha watoto. Alipofika karibu alipiga magoti mchangani, akapiga makofi taratibu, na wenzake wote wakapiga magoti nyuma yake.

Mutumba aliwatazama mmoja mmoja. Hamoonga, aliyekuwa bado anayakumbuka mawe ya jana, alisogea karibu. Nosiku alimshika mkono akamrudisha.

"Mmekuja kuomba radhi?" aliuliza Mutumba.

"Tumekuja kuomba radhi, mama," alisema Nasilele, uso chini.

"Radhi mtaomba siku nyingine. Miaka yote hii mlininyima matanga, mkasema nina mume Joni. Nimemlia mtu wangu ndani, nguo mdomoni, mtoto asisikie." Alikaa chini kando ya turubai, akaifunua mifupa ya miguu, akaifunika tena vizuri. "Leo mimi ni mjane. Sogeeni, mlie kwa sauti."

Hawakuthubutu kuanza. Kwa hiyo alianza yeye, akapiga yowe lililosikika hadi chini bondeni, na wanawake wakalipokea.